Mbwa wa Fundi na Kuku Wangu Sita

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mke wangu husema zimekaa puani, ukinigusa tu zinatoka. Ila safari hii niliianza nikiwa nimetulia kabisa, nina ushahidi mkononi na maneno niliyoyapanga, na hicho ndicho kinachoniuma hadi leo.

Tunakaa Itetemia, pembeni mwa mji wa Tabora, mahali ambapo nyumba na mashamba ya mahindi bado vinagombania nafasi. Nyumba ya pili kutoka kwangu ni ya fundi seremala, rafiki yangu kwa miaka kumi na tano na zaidi. Yeye ni Mmoraviani, mimi Mkatoliki, na kila Jumapili jioni tulikuwa tunakaa karakanani kwake tukibishana mahubiri ya nani yalikuwa marefu zaidi. Mke wake alifariki miaka minne iliyopita. Watoto wameshikwa na kazi zao, mmoja Mwanza, mwingine Dar es Salaam. Aliyebaki naye pale nyumbani ni mbwa mmoja wa kahawia, sikio moja limekunjika, ambaye marehemu alimleta akiwa bado mchanga, ndani ya kikapu cha nyanya. Mbwa huyo hulala chini ya meza ya kazi, juu ya maranda ya mbao.

Mwaka juzi, wakati wa kipupwe, kuku wangu wakaanza kupotea. Ndani ya wiki tatu wakaenda sita, mmoja akiwa mtetea aliyelalia mayai kumi na moja, na mayai yote yakapoa. Nimefundisha historia sekondari zaidi ya miaka ishirini, na kila mwanafunzi wangu anajua kwamba kwangu hakuna kusema jambo bila ushahidi. Basi nikafanya uchunguzi. Nikafuata manyoya kutoka bandani, nikakuta mengine kwenye upenyo wa ua, nikaingia karakanani fundi akiwa ametoka, nikapiga magoti chini ya meza. Manyoya hayo hapo, juu ya maranda, pale pale anapolala mbwa. Nikayatia kwenye bahasha, nikaenda moja kwa moja kwa mama mwenyekiti wa mtaa.

Ningeweza kumwendea fundi kwanza. Mke wangu aliniambia nisiende kwa mwenyekiti, sikumsikiliza.

Kikao kikakaa uani kwa mwenyekiti, watu kama thelathini hivi, wengine walikuja kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Nikasimama, nikamwaga maelezo yangu kwa mpangilio, nikafungua bahasha. Fundi alipopewa nafasi akasema maneno machache tu: kwamba mbwa wake haui kuku, ila ana tabia ya kuokota. Chochote anachokikuta chini anakibeba na kukilalia, iwe kandambili, tambara au gunzi. Nikamuuliza mbele ya watu kama mbwa wake naye anataka kufungua makumbusho. Watu wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Nami nilifurahi, kwa nini nidanganye? Nilifurahi sana.

Mwenyekiti akaamua mbwa aondoke mtaani ndani ya wiki, la sivyo ataitwa bwana mifugo, na kila aliyekuwapo alijua bwana mifugo akiitiwa mbwa wa namna hiyo haji na dawa ya minyoo. Nilitegemea fundi atafoka. Nilishajiandaa na majibu. Badala yake akaitikia kwa kichwa, akasema atampeleka kwa shemeji yake, kaka wa marehemu mke wake, anayefuga nyuki ng'ambo ya milima baada ya Kwihara.

"Lakini mwalimu atanisindikiza," akasema. "Akaone kwa macho yake kwamba mbwa kafika, asije akasema nimemficha."

Mwenyekiti akasema hilo ni la haki. Ningekataaje? Nilikuwa nimetoka kuongea nusu saa nzima juu ya ukweli na ushahidi.

Tukajaribu kutafuta usafiri, tukashindwa. Kondakta wa basi alisema mbuzi anapanda, mbwa hapandi. Waendesha bodaboda wakagoma wote isipokuwa mmoja, aliyekubali kwa sharti mbwa atiwe kwenye gunia na gunia lifungwe mdomo. Fundi akamshukuru yule kijana, akasema tutatembea. Tutatembea! Yeye na nani? Ana miguu mirefu na mwili umekauka kama mbao zake. Mimi magoti yangu yalishaanza kulalamika tangu nilipovuka hamsini.

Tukaondoka siku ya Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa. Nilikuwa nimenunua begi la mgongoni la mtumba, kubwa, lenye mikanda kila upande, na sehemu ya mikanda hiyo mpaka leo sijajua ni ya nini. Ndani nilitia blanketi, turubai, sufuria, viazi, karanga na dumu la maji la lita tano. Mpaka tunafika Kwihara mabega yalikuwa yanawaka moto. Pale kuna ile tembe ya kale ambako kila mwaka nimewapeleka wanafunzi na kuwaeleza habari za wapagazi, jinsi walivyobeba mizigo kutoka huku hadi pwani, miezi mitatu kwa miguu. Nimekuwa nikiieleza habari ile kwa madaha, mkono mfukoni. Siku hiyo nikapita pale nimeinama, natafuta tu mahali pa kutua mzigo.

Fundi alikuwa anaimba. Yeye ni mtu wa besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na akitembea huimba besi yake peke yake, bila wimbo wenyewe. Unasikia mngurumo uleule, kisha kimya cha mistari miwili kwa sababu hapo ni zamu ya sauti nyingine, kisha mngurumo tena. Kilomita baada ya kilomita. Nilimwomba aimbe basi hata wimbo kamili, akasema hajui sehemu za wengine.

Mbele ya Kwihara, kabla ya kilima cha kwanza, tukaingia kwenye mji mmoja, nyumba mbili tatu za familia moja, kuomba maji. Mama mwenye mji akatupokea kwa mwangaluka, salamu ya Kinyamwezi, na alipomtambua fundi akashika kichwa. Kumbe fundi ndiye aliyemtengenezea jeneza la mumewe, akalileta mwenyewe kwa mkokoteni wakati wa mvua. Hakukuwa na kuondoka tena. Tukanywa uji, tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na tulipoaga yule mama akatoka nyuma ya nyumba na kuku hai, jike jekundu, akampa fundi kwa mikono miwili. Huku kwetu kuku wa namna hiyo hakataliwi. Ukimkataa umemwambia mwenye mji kwamba nyumba yake haikufai, na huwezi kurudi tena kunywa maji pale. Wala hachinjwi njiani. Anafika uendako, wenyeji wako wamwone.

Nikasema, kwa mzaha ambao mimi mwenyewe niliusikia hauna utamu, kwamba tunamtia kuku huyu kwenye msafara mmoja na muuaji wake. Yule mama hakunielewa. Fundi alinielewa vizuri, akaninyooshea kuku.

"Mbebe wewe, mwalimu. Mimi nimeshika mbwa."

Basi nikapanda milima na kuku. Watu wa Kilimanjaro wakiiona hiyo milima yetu watacheka, ni vilima vitatu vya mawe vilivyofuatana, lakini wao hawakuipanda jua la saa saba, begi mgongoni na kuku kwapani. Hakuna njia, kuna majabali tu na miti ya miombo iliyojipenyeza katikati. Kila nilipoweka mkono kushika jiwe, kuku alijirusha. Akanikwaruza mkono, akaninyea shati. Mbwa akawa anatangulia, anarudi, ananiangalia, anatangulia tena. Niliona anamtazama kuku, nikamwambia fundi aone jinsi anavyomtazama. Fundi akasema hata yeye anamtazama, kuku mwenyewe si anapiga kelele.

Kwenye kilele cha kwanza pimbi walikuwa wanaota jua juu ya mawe. Mbwa akachomoka, kamba ikamtoka fundi mkononi, tukamwona anaruka jabali hadi jabali akiwafukuza. Moyo wangu ukafurahi. Nikasema si umeona sasa, huyo ni mwindaji, damu haijifichi. Mbwa akarudi baada ya robo saa, ulimi nje, mguu mmoja wa mbele umechanika kwa mawe, na mdomoni amebeba kipande cha ganda la mti. Akakiweka mbele ya fundi, akakilalia. Fundi akafunga ule mguu kwa kitambaa chake cha jasho. Nikageuza uso, nikajifanya nahesabu vilele vilivyobaki.

Nilitaka tugombane, huo ndio ukweli. Mtu akikufokea unajua pa kushika. Huyu bwana alinimenyea viazi. Nilipochoka alisema tupumzike kabla sijafungua mdomo. Nilipomuuliza waziwazi kama amenikasirikia, akasema yeye amefiwa na mke, hasira za kuku ataziweka wapi. Hapo nikachukia zaidi, maana alikuwa ananifanya mtoto, na mtu wa umri wangu hafanywi mtoto.

Jua lilipokaribia kuzama tukafikia jabali pana kati ya kilima cha pili na cha tatu, tukatua. Baridi ya kipupwe kule juu haina adabu. Tukawasha moto, tukachemsha viazi. Nikatafuta tawi la kumfungia kuku juu, na nikamwomba fundi amfunge mbwa mbali. Fundi hakuinuka.

"Afungwe ya nini?" akasema. "Wewe si ndiye mtu wa ushahidi? Waache wote chini, ukeshe, umshike."

Akajifunika blanketi na kunigeuzia mgongo. Na mimi, badala ya kuona aibu, nikaona ni wazo zuri sana. Nikamfunga kuku mguu mmoja kwenye mzizi, hatua tano kutoka kwenye moto, nikavua soksi zilizolowa jasho nikaziweka kando, nikakaa na tochi nimeegemea begi. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwamsha fundi. Nilikuwa nimeshapanga hata sentensi ya kwanza.

Mbwa hakukawia. Akainuka, akachechemea mpaka kwa kuku, akamnusa. Kuku akamdonoa puani, mara moja, kwa nguvu, na mbwa akarudi nyuma mpaka akakanyaga sufuria. Akasimama anafikiri. Kisha akaja upande wangu, akachukua soksi yangu moja polepole, akaenda kulala juu yake. Baada ya muda akaamka, akarudi kwa kuku, nikawasha tochi. Chini palikuwa na manyoya mawili matatu yaliyong'oka wakati naparangana na yule kuku nikimfunga. Mbwa akaokota unyoya mmoja, akaupeleka kwenye soksi. Akarudi kuchukua mwingine.

Nilizima tochi. Sikulala, na sikuwaza jambo lolote la maana, nilikuwa natukana tu moyoni. Nilimtukana mbwa, nikamtukana kuku, nikamtukana mke wangu aliyeniambia nisiende kwa mwenyekiti.

Kulipopambazuka kuku alikuwa amesogea hadi mwisho wa kamba yake, amejibana kwenye tumbo la mbwa kwa ajili ya joto, amelala. Mbwa alikuwa macho lakini hakujitikisa. Nikamsogelea, nikamwinua kidogo. Chini yake kulikuwa na soksi yangu, kifuniko cha dumu la maji, gunzi sijui alilitoa wapi, na manyoya manne mekundu. Yamepangwa pamoja, hayana hata tone la damu, sawasawa na yale niliyoyatia kwenye bahasha. Yale nayo hayakuwa na damu. Nilikuwa nimeyashika kwa mikono yangu, nikayaonyesha watu thelathini, na hilo sikuliona.

Sasa nitaeleza nililofanya, maana bila hilo sina haki ya kuandika mengine. Nilimwangalia fundi, nikaona amejifunika gubigubi. Nikayaokota manyoya yale manne, nikaenda ukingoni mwa jabali, nikayaachia upepo. Kisha nikamwinua kuku na kumrudisha pale kwenye mzizi, mbali na mbwa. Mwalimu wa historia.

Kilima cha tatu ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote, au labda ni mimi. Kila kitu kilinikera: mikanda ya begi, vijidudu vinavyokuingia machoni na puani, ile besi. Mguu wa mbwa ulikuwa umevimba, ikabidi fundi ambebe mabegani kwenye mteremko, miguu minne ikining'inia kifuani pake, na bado aliimba. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikauliza saa. Mara ya pili nikasema kuna jua. Mara ya tatu nikasema tungepitia upande wa kushoto, na fundi akapitia kushoto bila kuuliza. Nilikuwa najua kabisa kwamba nikisema pale pale juu, tunageuza, na mbwa anarudi nyumbani kwake. Pia nilijua maana ya kurudi na mbwa yule Itetemia, na nilikuwa naziona sura za wale watu thelathini mmoja mmoja.

Tukafika kwa shemeji alasiri. Ni mtu mfupi, mtulivu, ana mizinga kama sitini msituni na harufu ya moshi haimtoki. Akapokea begi langu, akapokea kuku na kumsifia, akatuletea maji ya kunawa. Fundi akamshusha mbwa chini, akampa shemeji kamba. Mbwa akaangalia ile kamba ilivyohama mkono, akajaribu kurudi kwa fundi, ikamvuta shingo. Fundi akaangalia upande wa mizinga. Hapo ndipo nilipoona anajifuta uso kwa mkono wa shati, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata makaburini.

Shemeji akachuchumaa, akampapasa mbwa lile sikio lililokunjika. "Huyu si ndiye yule aliyeletwa na dada? Kakosa nini?"

"Muulize mwalimu," fundi akasema. "Kesi ni yake."

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa na maneno ya kutosha ya kuzunguka, hiyo ndiyo kazi yangu, ningeweza kusema mtaa uliamua, mwenyekiti aliamua.

"Hajakosa kitu," nikasema. "Nimekosa mimi. Kweli anaokota. Nimemwona jana usiku, na manyoya nikayatupa ili usiyaone."

Shemeji akauliza sasa milima yote hiyo tumempandisha ya nini. Fundi akaichukua kamba kutoka mkononi mwake, akaizungusha kwenye kiganja mara mbili, akaketi chini pale pale kwenye vumbi na mbwa akamlalia miguuni.

"Nilikuona alfajiri," akaniambia. "Nilikuwa nakungoja tu. Ungeondoka hapa bila kusema, tusingejuana tena."

Nikaanza kusema samahani, akanikatiza kwa mkono. Akasema mguu wa mbwa unahitaji siku tatu nne kupona na yeye atabaki naye. Mimi nitangulie. Nilimsema mbwa mbele ya watu, kwa hiyo nikayafute maneno mbele ya watu walewale, na yeye hatamwingiza mbwa mtaani kabla sijafanya hivyo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyotaja vipimo vya mlango.

Kesho yake asubuhi shemeji akaniitia bodaboda. Kwa kuwa sikuwa na mbwa, hakuna aliyeuliza swali. Tukazunguka milima yote mitatu kwa barabara, na haikunichukua hata masaa mawili kufika Itetemia.

Jumapili baada ya ibada watu wakakusanyika tena uani kwa mama mwenyekiti, safari hii wengi zaidi, kwa sababu habari ilishapita kwamba mwalimu ameomba kikao mwenyewe. Sikuwa na bahasha. Nikasimama, nikasema niliyoyaona, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yangu. Mtu akauliza kama si mbwa, kuku wangu wameliwa na nani. Nikasema sijui. Miaka ishirini na zaidi watu wale wamenijua, na sidhani kama waliwahi kunisikia nikisema neno hilo.

Mama mwenyekiti alikuwa ameinamia daftari lake. Akainua kichwa.

"Rudia, mwalimu," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikawageukia watu wa nyuma, nikarudia kwa ile sauti ya darasani: mbwa wa fundi hana kosa, nilimsingizia, na ushahidi niliutupa mimi.